Mtumbwi Uliokuja na Moshi

Baba yangu alikuwa na baiskeli moja nyeusi, yenye kengele iliyolia ilipotaka yenyewe. Aliinunua kwa pamba, miaka ya mwanzo ya Uhuru, na kijijini kwetu upande wa Kolandoto iliheshimiwa kuliko baadhi ya watu. Mimi mwenyewe nilikuwa naiamkia. Asubuhi namwamkia baba, namwamkia mama, halafu nikipita pale ilipoegeshwa nasema "mwangaluka", maana niliona kitu kinachopakwa mafuta kila Jumapili hakiwezi kuwa kitu tu. Hicho kichukue kiwe kipimo cha akili ya mtu anayekuandikia. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe tuliachana bila kuagana.

Siku moja baba alikuwa anashuka kutoka kule juu kwenye mawe makubwa, kapakia gunia la pamba nyuma. Njiani tumbo likamsokota. Akaiegemeza baiskeli kwenye kichuguu, akaingia kichakani. Kichuguu kikamomonyoka. Baiskeli ikaanza kwenda polepole, ikashika njia, ikashika mwendo, na kwa kuwa gunia lilifungwa sawasawa pande zote, haikuanguka. Ilishuka imenyooka kama karani aliyechelewa kikao, kengele inalia kwa kila jiwe. Mimi na akina mama waliotoka kisimani tukaiona inakuja. Haina mtu. Akina mama wakatupa vibuyu. Mmoja alipiga magoti akaanza Baba Yetu, akafika kwenye mkate wetu wa kila siku, akaona baiskeli inazidi kukaribia, akaiacha sala palepale akakimbia. Mimi sikukimbia, miguu ilikataa. Ikanipita karibu kabisa, nami kwa adabu zangu nikaiambia: "Mwangaluka."

Iliishia kwenye ua wa minyaa. Watu wakajaa. Wengine wanataka mganga, wengine wanataka katekista, na wakati wanabishana nani aanze, baba akatokea juu ya njia, mkono mmoja umeshika suruali, anapaza sauti: "Jamani, nani kaiona baiskeli yangu?"

Tulicheka mwaka mzima. Lakini wale akina mama hawakukubali. Hata baada ya kumwona baba na suruali yake waliendelea kusema siku ile baiskeli ilikuwa na mtu. Mtu hapendi kunyang'anywa hofu ambayo keshaivunjia kibuyu.

Baiskeli hiyo nikairithi mimi, kengele na yote. Na ndiyo iliyonipeleka Geita, miaka ile ya baada ya watu kuhamishiwa vijijini, wakati sukari ilikuwa inaonekana kwa nadra kama jamaa mwenye cheo. Nilikwenda kuchimba dhahabu. Kuchimba kwenyewe wakati ule kulikuwa kwa kuibia. Mnachimba huku mmoja yuko juu ya mti anaangalia kama wanakuja kuwafukuza. Ndiyo maana huko machimboni hakuna aliyemuuliza mwenziwe katoka wapi. Unafika, unashika sururu, basi, wewe ni ndugu.

Nilichimba duara langu, ndivyo tunavyoita shimo la dhahabu, zuri, la mviringo, kuta zimenyooka. Wachimbaji walikuja kulitazama. Mmoja akaniambia, "Ndugu yangu, shimo zuri namna hii sijapata kuliona. Tatizo lake ni moja, halina kitu." Msimu wa mvua ulipokwisha wakalifanya choo. Mpaka naondoka watu walikuwa wanalisifia.

Basi nikaona afadhali niwauzie wachimbaji chakula kuliko kuwapa pa kujisaidia. Nikawa napanda baiskeli hadi ziwani, kwenye mwalo mmoja upande wa Nkome, pale mitumbwi inapofikia, nachukua samaki waliokaushwa, nawarudisha machimboni. Sasa fikiria. Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Kwetu maji ni kitu cha kuchimbua mchangani mtoni na kukisubiri kijae kwenye kata. Siku ya kwanza kuliona ziwa nilishuka kwenye baiskeli nikauliza, "Hili lote la nani?" Kuogelea sijui hadi leo. Mtumbwi sikuwahi kuupanda. Samaki nilikuwa nawapokelea nchi kavu, hatua kadhaa kutoka majini, na wavuvi walikuwa wananirushia samaki kwa makusudi waangukie karibu na mawimbi ili wanione ninavyowachukua kwa kunyoosha mkono kama mtu anayetoa nyama kwenye moto.

Pale mwaloni wenyeji walikuwa Wazinza, na sisi Wasukuma tulikuwa wageni, tena wengi. Kama Msukuma na Mzinza ni watani wa kweli, wa asili, mimi sijui, nyumbani hawakunifundisha. Ila nilitazama nikaona mtani ana faida. Kukiwa na msiba, mtani ndiye anayeingia jikoni bila kuulizwa. Ndiye anayeweza kusimama mbele ya maiti akasema, "Amka, wewe, acha uvivu, wageni wamekuja," na waliokuwa wanalia wakacheka, na hakuna anayekasirika. Kisha anapewa paja la kuku. Nikaamua sisi ni watani. Nilijitangaza mwenyewe, mzee mmoja akakubali kwa kutikisa kichwa, nadhani alikuwa anasinzia, na tangu siku hiyo hakuna matanga yaliyonipita. Nilinenepa kwa misiba ya watu.

Katika wavuvi wa pale kulikuwa na mmoja mpole, mrefu, ambaye ndiye aliyenipa samaki kila safari. Mkewe alikaushia samaki nyuma ya nyumba, juu ya moto wa kuni mbichi, macho yake mekundu siku zote kwa moshi. Walikuwa na watoto, na walikuwa na mtumbwi wa mbao uliopakwa rangi ya kijani hadi nusu, kwa sababu rangi iliishia hapo. Shamba hawakuwa nalo. Ng'ombe hawakuwa nao. Mtumbwi ule ndio ulikuwa shamba na ng'ombe na ghala.

Yule bwana hakuwa msemaji. Lakini mimi nikija alikuwa anakaa karibu, ananiuliza habari za machimboni. Njia inapitia wapi? Ukifika kwenye mto, unashika kulia au kushoto? Kweli huwa hawaulizi mtu katoka wapi? Nami, mtu akiniuliza njia, ni kama kaniuliza hali ya wazazi wangu. Nilimwelezea kila mti. Nilimchorea mchangani kwa kijiti. Nikajiona mwalimu.

Na mchana, jua likikaza, wavuvi wanaposhona nyavu kivulini, ndipo hadithi ya mtumbwi wa wafu ilipokuwa inatoka. Kila mtu pale aliijua. Waliozama na hawakuonekana, walisema, hawana kaburi, kwa hiyo hawana mahali pa kukaa, basi wanakaa pamoja katika mtumbwi mmoja. Wavuvi wengine wanasema ni mrefu kama kanisa. Hautoki usiku, usiku ni wa watu wa dagaa na taa zao, kuna kelele. Unatoka saa sita mchana, ziwa likiwa limelala kama mkeka. Unauona unakuja, makasia hayagusi maji. Na wale waliomo hawataki damu wala roho ya mtu. Wanataka moto. Wana baridi. Wavuvi wetu walikuwa wanabeba moto mtumbwini, makaa ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, wa kuchomea samaki na kuwashia tumbaku. Basi wale wanasogea ubavuni, wanasema kwa upole kabisa, "Tupeni kaa moja tu." Ukiwapa, umekwisha. Moto wa nyumbani kwako unazimika siku hiyo, na wewe unahamia kwao, maana mwenye moto ni mwenyeji.

"Na ukiwanyima?" niliuliza siku moja.

"Wanaondoka. Wana adabu kuliko wewe."

"Mimi ningewanyima."

"Wewe," akasema mdogo wake yule bwana mpole, kijana mwenye kifua na sauti ya kuitia ng'ombe, "wewe ungewapa moto, ungewapa na chungu, ungewaomba na samahani."

Nilicheka nao. Nilivyorudi machimboni nikawa naisimulia hadithi hiyo mimi, kwa kujisifu, kana kwamba nimeuona mtumbwi wenyewe. Mwisho wake nilikuwa naweka mimi nimewanyima moto. Wachimbaji waliniongezea pombe.

Sasa, siku yenyewe. Kulikuwa na arobaini ya bibi mmoja pale mwaloni, nami nilikuwa nimekwisha fika, niko jikoni, mdomo umejaa. Ilikuwa mchana wa jua kali. Ghafla nikasikia watu wa ufukweni wamenyamaza. Kelele huwa ndiyo kawaida ya mwalo. Ukisikia kimya, tafuta pa kukimbilia. Nikatoka na kipande cha ugali mkononi.

Mtumbwi ulikuwa unakuja. Ziwa tulivu, kaupepo kadogo tu ka kusukuma majani. Mtumbwi unakuja polepole, umenyooka, hauna mtu. Na katikati yake unatoka moshi. Uzi mwembamba wa moshi, umesimama.

Ulikuwa wa kijani hadi nusu.

Mke wa yule bwana alikuwa anaosha sufuria. Aliliacha likaelea. Hakupiga kelele. Kelele zilipigwa na wengine. Mwanamke mmoja akasema, "Kawapa moto! Kawapa moto!" na hapo mwalo mzima ukapanda juu kama kuku waliomwona mwewe. Mimi nilikimbia pia, nisikufiche. Nilikimbia hadi kwenye baiskeli yangu, nikaikuta imezungukwa na watu, nikarudi.

Mtumbwi ukagusa mchanga, ukatulia. Hakuna aliyeukaribia. Walichungulia kwa mbali. Chungu cha moto kiko mahali pake, makaa bado yana uhai. Kuna miiba ya samaki aliyeliwa. Nyavu zimekunjwa. Makasia mawili yamelazwa kando kwa kando, makavu. Wanaume walipanda mitumbwi mingine wakazunguka sehemu zile hadi jua likaanza kushuka, wakarudi mikono mitupu.

Kikao kikakaa palepale juu ya mchanga. Mdogo wake ndiye aliyesema kwanza. "Huu si mtumbwi tena. Wameupanda wale. Ujazwe mawe uzamishwe, pamoja na nyavu, kesho kabla hatujaingia majini. La sivyo nani atavua tena hapa?" Na wengine wakaitikia, ndivyo, ndivyo ilivyo. Sikumlaumu. Alikuwa anatetemeka zaidi kuliko mimi, na hiyo ni habari kubwa.

Yule mama akasimama. "Mkizamisha mtumbwi, mnizamishe mimi na watoto ndani yake. Itakuwa kazi moja."

"Shemeji, usiseme hivyo."

"Wewe utanilisha?"

Kijana akaangalia miguu yake.

Ndipo yule mzee aliyenikubalia utani, ambaye siku hiyo kwa bahati mbaya hakuwa anasinzia, akakohoa. "Kuna njia moja," akasema. "Mtani. Mtani aingie mtumbwini, asukumwe hadi maji ya kifua na zaidi. Aketi. Awatukane hao waliomo, awaaibishe, ale chakula mbele yao bila kuwagawia. Wafu hawavumilii aibu. Watashuka. Na huyu ndugu yetu tutamzikia mgomba, awe na kaburi, asipate sababu ya kurudi. Lakini sharti lake ni moja. Aliyekwenda asionekane tena hapa. Akionekana, awe kivuli, awe sauti, awe nani, siku hiyohiyo mtumbwi unazamishwa. Hakuna kikao cha pili."

"Mtani yuko wapi?" mtu akauliza.

Nakumbuka nilikuwa natafuna. Nakumbuka nilijaribu kutafuna bila kutikisa mashavu.

Wote wakageuka.

"Mimi sina hakika kama sisi ni watani wa asili," nikasema.

"Paja la kuku la juzi ulikula kwa asili gani?" akauliza mama mmoja.

Hakuna jibu la swali hilo, nimelitafuta miaka yote hii.

Walinifunga kamba kiunoni. Niliomba mimi. Walinicheka lakini wakafunga, na ncha nyingine wakamshikisha yule kijana mwenye kifua, naye akaishika akiwa amejitenga na mtumbwi kadiri kamba ilivyoruhusu. Nikapanda kwa magoti na mikono, nikakaa nimegeukia nyuma, wakasukuma kwa mti mrefu. Mtumbwi ukazunguka nusu. Nikashika kingo mbili, nikafumba macho. Nilikuwa nimetayarisha matusi mazito kabisa, matusi ya wachunga ng'ombe. Nikafumbua mdomo, na kwa jinsi nilivyolelewa, likatoka hili:

"Shikamooni."

Ufukweni watu wakatazamana. Kisha mzee akapaza sauti: "Watukane, mwana! Usiwaamkie!"

"Nakuja huko!" nikajibu. Nikajaribu tena. "Nyinyi mliomo humu! Nyinyi… mmejazana! Hamna hata haya, watu wazima mnakaa mtumbwi wa mwenzenu!"

"Ongeza!"

"Mna miguu baridi! Mnanuka kamongo!"

Hapo nilisikia mtu anacheka ufukweni, na kicheko cha mtu kinanipa nguvu kuliko chakula. Nikafumbua macho ili niwatukane nikiwaona. Nikaangalia chini ya ubao wa kukalia.

Nikueleze kitu kimoja cha wavuvi wale. Hakuna anayevua samaki akiwa na viatu. Akiingia mtumbwini anavua katambuga zake, zile za tairi, anazisukumia chini ya ubao wa nyuma, huko ndiko zinakokaa. Akizama mtu, katambuga zinabaki. Ndizo anazopelekewa mama yake. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ubao ule, nimeinama kwa woga, kichwa katikati ya magoti, na chini yake palikuwa peupe. Hakuna katambuga. Pembeni, kwenye ubavu wa mtumbwi, kulikuwa na tope jekundu lenye alama ya kiganja. Kiganja cha mtu aliyesimama nchi kavu akausukuma mtumbwi.

Ndipo nikaiona baiskeli ya baba inashuka mlima, na baba yuko kichakani.

Nilisahau kutukana. Ufukweni wakafikiri wafu wamenishika, mtu akaanza kulia. Chakula cha kula mbele ya wafu kilikuwa hakijaletwa bado, na hakuna aliyetaka kukileta. Basi yule mama akachukua bakuli akaingia majini nalo, maji hadi kifuani, akaja ubavuni.

"Kula, mtani," akasema kwa sauti ya watu wote. Kisha akashusha sauti. "Umeona nini?"

"Shemeji, mimi sijaona kitu."

"Katambuga ziko wapi?"

Nikasogeza miguu.

Aliangalia chini ya ubao mwenyewe. Akaangalia lile tope. Hakuna udongo mwekundu mwaloni pale, uko ng'ambo ya rasi inayofunga mwalo ule, njia ya machimboni inapoanzia. Njia niliyomchorea mimi kwa kijiti. Nilitamani wafu wawepo kweli.

Nilingoja alie. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa mekundu siku zote. Akashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili, kama mtu anayejaribu uzito wake.

"Ukisema alikwenda kwa miguu, mtumbwi ni wake, na mdogo wake ataushika hadi arudi. Ukisema walimchukua, ni wangu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Basi endelea kutukana. Ila sasa mtukane yeye. Mimi nakupa, wewe unapaza."

Na ndivyo ilivyokuwa. Sijapata kufanya kazi kama ile. Yeye anasema kwa chini, mdomo haufunguki sana, mimi napaza hadi ng'ambo ya ziwa.

"Anakoroma kama kiboko," akasema.

"Unakoroma kama kiboko!"

"Anakula kichwa cha samaki kabla watoto hawajanawa."

"Unakula kichwa cha samaki kabla watoto hawajanawa! Huna haya!"

"Rangi imemwishia katikati."

"Rangi imekuishia katikati! Na kila kitu kinakuishia katikati!" Hilo la mwisho niliongeza mimi. Akanitazama, nikadhani nimekosea, kumbe alikuwa anataka kucheka na amekasirika kwa hilo.

Watu ufukweni walikuwa wameshika mbavu. Mzee anapiga makofi. "Sasa ndiyo mtani! Anamjua marehemu kama mkewe!"

Tukaendelea hadi matusi yakamwishia. Maji yanamgonga kifuani. Kisha akasema kitu ambacho sikukipaza.

"Alikuwa anaamka kwanza, ananiwashia moto ili nisipate moshi wa asubuhi."

"Hilo nalo nilipaze?"

"Hilo acha."

Nikala ugali wangu. Niliumaliza, nisiseme uongo.

Mzee akatangaza wameshuka. Kesho yake wakazika mgomba, kwa heshima zote, na mimi nikiwa mtani nikauambia mgomba uache uvivu. Yule mama alinyoa nywele. Mtumbwi ukawa safi kwa maneno, lakini kwa matendo hakuna mwanamume aliyekubali kuwa wa kwanza kuupanda. Walisema wana mafua, walisema wana nyavu za kushona. Akaupanda yeye. Wanawake wa pale hawakuwa wanavua, alivua yeye. Baadaye vijana wakaona aibu wakamfuata. Kabla sijaondoka siku ile aliniita kando: "Mtani, una mdomo. Hili moja lifunge." Nikalifunga. Ndiyo siri pekee niliyowahi kuitunza, na ninaitoa leo kwa sababu mtumbwi ule ulikwisha oza zamani, ukawa kuni.

Nikarudi kwenye biashara yangu. Machimboni sikuisimulia tena ile hadithi ya wafu. Wakiniomba nasema koo linauma.

Msimu mmoja ukapita, na nusu ya mwingine. Siku hiyo nilikuwa nimetandaza samaki wangu juu ya gunia, karibu na pale wanapotwanga mawe kwa vinu. Vumbi la pale ni jeupe kama unga. Wanaotwanga wanakuwa weupe kope na masikio, huwezi kumjua hata ndugu yako. Mmoja akaja, mrefu, mweupe mwili mzima, akachuchumaa mbele ya gunia. Akachukua samaki mmoja, akamnusa mgongoni, kule moshi unakoingia sana. Akamnusa kwa muda mrefu.

"Kuni mbichi," akasema.

Nilimjua kwa sauti. Sasa mimi nilijua hakufa. Mimi ndiye niliyeliona tope, mimi ndiye niliyejua njia aliyopita, kwa kuwa nilimpa mimi. Lakini nilikuwa nimemzika. Nilikula katika msiba wake. Nikaruka nyuma, nikaanguka juu ya baiskeli, kengele ikalia, na nikiwa chini nikaanza kupiga kelele: "Unakoroma kama kiboko! Unakula kichwa cha samaki kabla watoto hawajanawa! Shuka!"

Watwangaji wakasimamisha michi.

"Mtani," akasema yule bwana, "punguza sauti."

Alinisaidia kuinuka. Mkono wake ulikuwa wa moto. Akawaambia wenzake ni kizunguzungu cha jua, wakacheka wakaendelea kutwanga. Tukasogea pembeni, tukawasha kijimoto, tukaweka samaki juu yake. Tulikaa kama tulivyokuwa tunakaa mwaloni, tofauti ni kwamba sasa mweupe alikuwa yeye na asiyejua la kusema nilikuwa mimi.

"Hayo maneno ya kichwa cha samaki," akauliza, "umeyapata wapi?"

"Kwa mwenyewe."

Akatikisa kichwa, taratibu. "Na mengine?"

"Yalikuwa mengi. Ya rangi pia."

"Ya rangi ni kweli."

Nilitaka kumuuliza kwa nini. Nilikuwa nimebeba swali hilo kwenye baiskeli safari zote zile. Nikamuuliza. Aligeuza samaki, akafikiri, nikaona anatafuta kwa moyo kabisa, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni mwa suruali isiyo yake.

"Nilishuka kuchoma samaki tu," akasema. "Nikala. Nikavaa katambuga. Nikaona njia."

Hakuna zaidi.

"Mtumbwi unavua?"

"Unavua."

"Ameuchukua mdogo wangu?"

"Hapana. Anaushika mkeo. Kasia mkononi, yeye mwenyewe."

Akanyanyua uso. Vumbi lilikuwa limepasuka pembeni mwa macho. "Peke yake?"

"Mwanzoni. Sasa ana vijana wawili, anawafokea."

"Bado unavuja mbele?"

"Ameziba."

Alichokoa moto. Mafuta ya samaki yakadondoka motoni, moto ukaruka. "Nimekuwa nawaza kurudi," akasema. "Mvua zikianza. Nifike tu, niseme nilipotea."

Mimi ni mtu wa kusema mengi, lakini hapo nilitafuta maneno machache. Nikamwambia mambo ya mzee. Nikamwambia sharti: aliyekwenda akionekana, mtumbwi unajazwa mawe siku hiyohiyo, pamoja na nyavu, hakuna kikao cha pili. Nikamwambia wale watu hawatasikia habari za katambuga. Wameshaogopa, wameshalia, wameshakula, hawatakubali kurudishiwa.

"Mmenizika?"

"Tumekuzika. Mgomba."

"Mgomba wa aina gani?"

Hilo nalo sikulitegemea. "Wa ndizi za pombe," nikasema.

"Hata wa ndizi za kupika hawakunipa?"

"Ulikuwa mbali, huo."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka mwaloni. Alicheka hadi akafuta macho, na alipofuta, ngozi yake nyeusi ikatokea pale, viganja viwili vya ngozi kwenye uso mweupe. Kisha akaangalia moto wetu, umeanza kuwa mdogo.

"Kuni zimekwisha," akasema. "Geuza huyo samaki, ngoja nikaokote."

Akainama, akakaza kamba za katambuga zake, moja, halafu nyingine. Akachukua njia ya kushuka mtoni, si ile ya kwenda ziwani, ile nyingine. Nikageuza samaki. Nikamgeuza tena. Nikamwona anapita kwenye shimo langu lile zuri, anapita kwenye miti, mweupe, halafu mweupe kidogo, halafu miti tu. Samaki akaungua upande mmoja. Nikamtoa motoni nikamweka juu ya jiwe, fungu lake upande usioungua, nikangoja hadi wale watwangaji wakajikung'uta wakaenda zao.